Anti, nikisema nina kiwanda cha sabuni nakuwa nimedanganya?

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Mbagala, huwa nakusoma kimyakimya siku zote sijawahi kuandika ila hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa nimeona nikuletee tu, samahani mapema maana itakuwa ndefu.

Mi natengeneza sabuni ya maji. Nilianza 2021 na ndoo moja ya lita ishirini, tulifundishwa kwenye kikundi cha kina mama, siku ya kwanza nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi maana mwalimu alisema koroga upande mmoja tu usirudi nyuma na mi nikafata kama nilivyo. Saa hizi nina mapipa matatu ya lita mia mbili, nina mabinti wawili wa kukoroga na kupaki, na kijana mmoja wa bodaboda anasambaza. Nyuma ya nyumba nimepaua kibanda cha bati, chini nimesakafia. Nauzia mama ntilie, saluni, shule mbili na gesti moja huku huku kwetu. Sio utajiri Anti, ila ada inalipika na nimenunua friji bila kumuomba mtu.

Sasa mwezi uliopita kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa wifi yangu. Mi nilichangia, nikapeleka na madumu ya sabuni ya kuoshea vyombo, MC akaniuliza nikutambulishe vipi, nikamwambia sema mmiliki wa kiwanda cha sabuni. Basi akasema hivo hivo kwa mbwembwe zake. Hata makofi hayajaisha wifi akadakia kwa sauti, "Kiwanda? Kiwanda cha ndoo na mwiko! Hata bakodi hakina!" Ukumbi ukacheka Anti. Walicheka mpaka watu ambao nimewauzia sabuni kwa mkopo.

Kilichoniuma zaidi sio wifi, wifi namjua. Ni baba watoto. Kwenye bajaji kurudi nyumbani alikaa kimya, kufika akavua viatu akasema, "Na wewe unajitakia. Kiwanda ni kule ninakoenda mimi saa kumi na moja alfajiri." Yeye ni opereta wa mashine, yuko kiwanda kimoja huko Barabara ya Nyerere mwaka wa kumi na nne sasa, shifti mchana shifti usiku. Toka siku ile nikisema neno kiwanda ananiangalia tu. Na kuna fomu ya ule mkopo wa halmashauri wa kina mama, tuko watano kwenye kikundi, pale kwenye aina ya shughuli nimeandika "kiwanda kidogo cha kutengeneza sabuni", baba watoto kaiona kasema futa hiyo, wakija kukagua wakaona kibanda watasema ni kiwanda bubu ufungwe bure. Wenzangu nao wameingia uoga, mmoja anasema tuandike wajasiriamali tu yaishe.

Halafu juzi nakagua daftari la wa darasa la tatu, waliambiwa waandike kazi za wazazi. Kaandika: Baba anafanya kazi kiwandani. Mama anakoroga sabuni. Nilicheka ila moyoni sikucheka.

Swali langu Anti, kwani kiwanda maana yake nini hasa? Nikisema nina kiwanda nadanganya? Kama sio kiwanda basi niseme nina nini? Na huyu mwanaume nimuelewesheje bila kuonekana nashindana naye?

Nisisahau, kuna wateja wanataka na sabuni ya mche, mi kupika ya mche siwezi naogopa ile kostiki, kwahiyo toka mwezi wa tano kuna kaka ananiletea miche ya jumla haina chapa yoyote, nakata vipande nafunga kwenye nailoni nabandika stika yangu ile ile yenye jina langu na "Imetengenezwa Mbagala, Dar es Salaam", na inatoka kweli kweli. Hiyo haina shida ila nimekuambia ujue na biashara inakua.

Mama wa Mapipa, Mbagala

Marahaba mwanangu, hujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimecheka pale kwa wifi (nisamehe, mdomo anao), mara ya pili nikafika mwisho pale kwenye miche nikaweka kikombe chini. Tutafika huko. Tuanze na hilo unaloliogopa.

Wewe na wifi yako na mzee wako wote mna picha moja kichwani, na hata mi ninayo. Mtu akisema kiwanda tunaona geti kubwa, bomba la moshi, king'ora, watu wanapishana getini na vibuyu vya chai. Picha hiyo tumeipata mahali. Sisi tuliokua enzi za mashirika ya umma tulikariri shuleni, Urafiki cha nguo pale Ubungo kilichojengwa na Wachina 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Morogoro ndo usiseme, viatu, ngozi, maturubai. Kiwanda kilikuwa kitu cha serikali kinachomeza watu elfu asubuhi na kuwatema jioni. Kwahiyo mtu akitokea na mapipa matatu akasema na mi ninacho, sikio linagoma.

Ila neno lenyewe ni kubwa kiumri kuliko hayo mageti. Watu wa pwani walikuwa wanaita kiwanda mahali popote fundi anapokaa kufanya kazi yake, kibanda cha mhunzi ni kiwanda, uwanja anapochongea seremala ni kiwanda. Hebu liweke karibu na kiwanja, na uwanda, na uwanja, utasikia kabisa yametoka mji mmoja. Ni sehemu. Ni pahala pa kazi ya mikono. Hilo bomba la moshi limekuja kuongezwa baadae. Na wenzake wa karibu yamebaki na umri wao, mfano karakana, hilo limetoka huko Uajemi na Uhindi, kar ni kazi, khana ni nyumba, nyumba ya kazi basi, sisi tukalipeleka kwenye kutengenezea magari na mabehewa ya treni likakaa huko. Wakenya wao walipoona mafundi wanapiga bati juani hawana hata kibanda wakawaita jua kali, na leo jua kali Kenya ni sekta nzima ina mpaka watu wa serikali wanaoishughulikia. Jina la dharau likageuka jina la kazi.

Kwahiyo kwa Kiswahili chetu hujadanganya.

Na kwa serikali je? Hapo ndo nataka uchukue kalamu, maana hii ndo ya kumjibu baba watoto na wenzako wa kikundi. Iko sera ya maendeleo ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003, imepanga madaraja kwa kuhesabu watu na mtaji. Mtu 1 mpaka 4, mtaji usiozidi milioni 5, hiyo inaitwa ndogo sana. Watu 5 mpaka 49, mtaji kuanzia hapo mpaka milioni 200, ndogo. Watu 50 mpaka 99, mtaji mpaka milioni 800, ya kati. Zaidi ya hapo ndo kubwa. Na ukijikuta watu wako wanakuweka daraja hili na mtaji unakuweka daraja lile, mtaji ndo unaamua. Sasa jihesabu. Wewe, mabinti wawili, kijana wa bodaboda, wanne. Mapipa, kibanda, mali ghafi, jumlisha mwenyewe mi siko uwani kwako. Uko daraja la chini kabisa, ila uko ndani ya nyumba mwanangu, sio nje ya mlango.

Unakumbuka enzi za Tanzania ya viwanda, ule mjadala wa vyerehani vinne? Ilisemwa mtu mwenye vyerehani vinne ana kiwanda, nchi nzima ikacheka, mpaka kwenye daladala watu walikuwa wanaitana mwekezaji. Mi pia nilicheka, nina dada yangu anashona nilimpigia simu nikamwambia hongera mwenye kiwanda. Ila ukiacha siasa yake, kwa hesabu ile ya 2003 jambo lenyewe halikuwa la ajabu. Tulichekea udogo. Wifi yako naye kachekea udogo, hana la zaidi.

Na hiyo bakodi aliyoitupa pale ukumbini, kapiga nje. Zile namba zinaanzia 620 kwa sababu zimetolewa na ofisi ya Tanzania ya GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba za bakodi, zinasaidia duka kusoma mzigo kwa mashine, basi. Hazisemi kitu ni kizuri, wala hazithibitishi kilitengenezwa wapi. Mtu anaweza kuwa na 620 na sabuni yake ikakutoa ngozi. Ukitaka kuingia supamaketi utaihitaji, kwa mama ntilie wa Mbagala hakuna anayeskani sufuria.

Kiwanda bubu sasa. Hapo mzee wako ana hoja nusu. Hilo neno kwenye magazeti linatumika kwa wale wanaojifungia ndani wanazalisha bila kusajiliwa, bila kukaguliwa, mara nyingi feki wanabandika jina la mwingine. Kinaitwa bubu kwa sababu hakijisemi, kimejificha. Wewe umetangazwa na MC kwa spika! Ububu unatoka wapi. Ila kama hujasajili chochote mahali popote basi mlango wa kuitwa hivo umeuacha wazi mwenyewe, kwahiyo badala ya kufuta neno kwenye fomu, likamilishe. Jina la biashara unalisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na hao hao BRELA ndo wanaotoa leseni za viwanda na kusajili vile vidogo, watu wengi hawajui wanadhani ni majina tu. Halafu SIDO, hilo shirika lipo toka 1973 na jina lake refu ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, liseme taratibu usikie, vidogo, wapo kwa ajili yako wewe. Wao wanakupa mafunzo na barua ya utambulisho unayoenda nayo TBS. TBS ni Shirika la Viwango, sio viwanda, nimeshaona mtu kaandika Shirika la Viwanda kwenye bahasha akashangaa inarudi. Hao watakuja kuangalia pahala pako, watachukua sampuli ya sabuni yako wapime. Kwahiyo kabla hawajaja, kibanda kitenge na jiko, mabinti wavae glavu na miwani ya kukinga macho pale wanapomimina salfoniki maana ile ni asidi haina undugu na mtu, na kila pipa liandike tarehe na namba yake kwenye daftari. Siku mteja akirudi na dumu analalamika limekuwa maji uweze kusema hili ni pipa la Jumanne, siku ile chumvi ilizidi. Unajua mwenyewe chumvi inavyofanya, ukiweka inakaza inakaza unafurahi, ukipitiliza kidogo tu inaachia yote inakuwa uji wa mgonjwa.

Kwenye fomu acha kama ulivyoandika. "Kiwanda kidogo cha kutengeneza sabuni ya maji." Ongeza hayo maneno mawili ya maji, nitakuambia kwanini.

Mumeo. Mwanangu, hapa naomba usiende naye na sera ya 2003 mkononi kwanza, utamkosa. Fikiria, miaka kumi na nne neno kiwanda ndani ya nyumba yenu lilikuwa lake peke yake. Baba yuko wapi, kiwandani. Kwanini tusipige kelele mchana, baba katoka kiwandani usiku. Hata mtoto kaliandika daftarini. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anasimama masaa yote kwenye mashine ambayo sio yake, kwa neno hilo. Halafu siku moja ukumbini mbele ya ndugu zake wewe unatangazwa mmiliki wa kiwanda na yeye hakutangazwa kitu, ni mume wa mmiliki. Mi sisemi kafanya vizuri kukunyamazia mbele ya dada yake, hapana, pale alitakiwa atie neno na hilo umwambie. Ila ukimya wa kwenye bajaji ule nadhani haukuwa wa dharau kama unavyofikiri.

Muombe kitu. Siku yupo ofu mpeleke kwenye kibanda, muulize hivi nyie kule mapipa mnayapangaje, mnaandikaje namba za mzigo, mtu wa usiku anajuaje wa mchana kaishia wapi. Huyo ni opereta, anajua mambo ambayo SIDO watakufundisha kwa wiki nzima. Na ukiona kaanza kuhamisha pipa bila kuambiwa, nyamaza, shika ufagio.

Mtoto naye mwache, kaandika ukweli. Kiswahili hakina uvivu kwenye kazi za mikono, kila kazi ina kitenzi chake. Tofali tunafyatua. Chungu tunafinyanga. Chuma tunafua, mkeka tunasuka, mlango tunachonga. Jahazi linaundwa, ingawa siku hizi zinaundwa kamati zaidi kuliko majahazi. Mafuta ya ufuta yalikuwa yanasindikwa, ngamia kafungwa kwenye kinu anazunguka kutwa, leo kusindika tumelihamishia kwenye maziwa na juisi na ngamia hatumkumbuki. Sabuni ya mche inapikwa, ya maji inakorogwa. Mtu akiniambia nakoroga sabuni najua kashika mwiko. Akiniambia mi najishughulisha na uzalishaji wa bidhaa za usafi, nashika pochi yangu.

Na hapo ndo nafika kwenye lile lililonifanya niweke kikombe chini.

Kutengeneza. Hili neno tunalitumia kama khanga, la kila shughuli. Nimepeleka simu kutengeneza, maana yake imeharibika. Nimetoka kutengeneza nywele. Fulani anatengeneza hela. Ile kesi ni ya kutengeneza, yaani ya uongo. Wewe umeniandikia natengeneza sabuni ya maji na nimekuelewa vizuri kabisa. Linabeba kuunda, kukarabati, kupanga, mpaka kuzusha, na kwenye maongezi hakuna tatizo, mtu anaelewa kwa kukuangalia.

Ila likishapanda kwenye stika halina upana huo tena. "Imetengenezwa Mbagala" kwenye pakiti ina maana moja, kwamba wenye jina hili ndo waliochukua mafuta na kostiki wakapika hii sabuni, wanajua kilichomo, kikiharibika waulizwe wao. Na wewe hujapika. Umekata na kisu na kufunga nailoni. Huko ni kufungasha. Unaona ulivyojichanganya mwanangu? Wiki tatu hulali kwa ajili ya kiwanda, neno ambalo ni halali yako, na hili ambalo sio lako umelibandika toka mwezi wa tano na umelileta mwisho wa barua kama mtu anayeniambia bei ya nyanya.

Jiulize huyo kaka anayekuletea miche, kwanini haina chapa? Mtu aliyepika sabuni nzuri akalipia kila kitu anataka jina lake lionekane, anaweka muhuri mpaka ndani ya mche. Asiyeandika jina anajua sababu. Huenda ni mtu mwema tu anaanza kama ulivyoanza wewe, na huenda ndo kile kiwanda bubu mumeo anachokiogopa, na stika yako ndo imekuwa mdomo wake. Sabuni ya mche isiyokaa ikaiva vizuri inabaki na kostiki, mama anafua nguo za mtoto vidole vinachubuka, anageuza nailoni kuangalia nani katengeneza, anakuta wewe na namba yako ya simu. Wakija Tume ya Ushindani, wale wanaosaka bidhaa feki, au TBS hawatamtafuta kaka wa miche, hawamjui, hana jina. Na hata we sidhani kama unajua anapikia wapi.

Kuuza sabuni iliyopikwa na mwingine sio dhambi, usije ukanielewa vibaya. Supamaketi kubwa zinafanya hivyo kila siku, sukari ina jina la supamaketi na kiwanda ni cha mwingine, ila wameandikiana mkataba na kwenye pakiti wanaandika imetengenezwa kwa ajili ya fulani, au imefungashwa na fulani. Neno moja tu linabadilika na wewe unalala.

Kwahiyo fanya hivi. Wiki hii simamisha miche. Ndio najua inatoka kweli kweli, simamisha. Mtafute huyo kaka umwambie nipeleke unapopikia, nataka kuona. Akikupeleka ukaona pahala pa maana, kaandikisheni makubaliano, na kwenye stika mpya iandikwe jina lake kama mtengenezaji na lako kama mfungashaji, hata yeye itamsukuma ajisajili. Akianza leo kesho, mara ni mbali, mara funguo anayo mwenzangu, basi umeshajibiwa. Wale wateja wa mche waambie ukweli kwamba umeisitisha kidogo, watanunua dukani, watarudi kwako kwa ya maji. Au jifunze kuipika mwenyewe, kostiki inaogopesha kweli ila ina kanuni zake, inapimwa kwa mizani sio kwa kikombe, na kuna mafunzo. Salfoniki uliiogopa pia 2021, si ndio?

Ndo maana nimekuambia kwenye ile fomu uongeze "ya maji". Mkaguzi akija akute kilichoandikwa ndo kilichopo. Mapipa matatu, mwiko, mabinti wawili wenye glavu, daftari. Hapo hata ukiitwa kiwanda cha ndoo utaitikia.

Stika zilizobaki usizitupe ni hela, zitumie kwenye madumu ya maji maana huko zinasema kweli. Za mche zilizoko tayari kwenye maduka zunguka na kijana wako mzirudishe, hasara ni yako, ichukue tu. Na hao waliokucheka ukumbini huku wana deni la sabuni, anza nao Jumatatu asubuhi.

Anti